Kiti cha Kushoto Hakitoki

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mkaguzi wa maonyesho ya magari ya kale akifika kabla sijarudi, mfungulie banda. Namba ya chesisi iko nyuma ya gurudumu la mbele, kulia. Nimeisugua kutu, inasomeka. Hiyo itamwambia umri wa gari. Injini ni ya kupachika, usimfiche. Giaboksi ni yake yenyewe. Rangi ya kiwandani ataiona chini ya bawaba za mlango.

Asubuhi nilikupigia kelele bure. Nilikukuta garini na mkasi unafumua kiti chako cha kushoto. Ukaniuliza, "Mzee, si ulisema wanataka vya asili tu?" Kweli nilisema, na maonyesho hayo nayatamani mno. Lakini kiti hicho ulikishona kwa turubai la hema letu, ukakikalia safari zote huku ukinikosoa ninavyoendesha. ~~Basi kitoe, mradi gari lipite.~~ Hapana, nimekata hapo. Mwambie hakitoki. Akilikataa gari, na alikatae.

Nimekwenda kutafuta uzi mnene. Usininunie, mama. Sindano shika wewe. Nikishona mimi utakaa upande.

Dereva wako,
Baba watoto