Mulombwa wa Mama

Kolwezi, tarehe mosi Agosti. Baridi, upepo, vumbi hadi kwenye meno.

Leo ni siku ya wazazi. Asubuhi watu husafisha makaburi ya waliotutoka, mchana hula na walio hai. Mimi sina tena mzazi wa kula naye, kwa hiyo siku yangu huishia makaburini. Na ya leo imeishia vibaya.

Mama alikuwa na mti wa mulombwa uani kwake Kasulo. Alipougua, mdogo wangu Ilunga alichimba kobalti palepale uani ili tupate dawa. Mtaa mzima ulikuwa ukichimba. Shimo likapita chini ya mizizi, mti ukaanguka. Mama naye hakukawia. Niliokota mbegu zilizokuwa bado matawini, nikazipanda kuzunguka kaburi lake.

Zote. Sikubakiza hata moja.

Misimu miwili ya mvua hakikuota kitu. Kaburi lilikuwa chini ya mti mkubwa wa mupundu, giza tupu, majani makavu yamerundikana, na mulombwa ni mti wa jua. Kisha wachoma makaa wakaukata ule mupundu. Nililia kwa hasira, nikawalaani na vizazi vyao. Mvua zilizofuata, pale palipofunguka, miche ikatokea.

Nakiri: moyoni niliwashukuru wezi wale.

Kiangazi kama hiki mche wa mulombwa hukauka juu, ukabaki kijiti. Mpita njia atasema umekufa, kumbe mzizi uko hai chini, unangoja mvua. Ilunga sikumwambia. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga makaburini, aibu ya ule mti ilimzidi. Nilitaka siku akija aikute miti imesimama.

Leo akaja. Tena aliniwahi. Nilimkuta na jembe, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Ilunga ni mchimbaji, hajui kuparuza udongo. Yeye huenda chini.

“Yaya, mukubwa wangu, angalia! Majani yote nilishang’oa, ata na mizizi. Sasa Mama iko napata jua bien.”

Alikuwa amewasha moto kando. Kipande cha mzizi kilikuwa bado hakijashika moto, kibichi, kinatoka utomvu mwekundu wa mulombwa. Nilikisukuma ndani kwa kiatu kabla hajakiona.

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, nilitaka kumpiga mbele ya wafu wote.

Lakini alikuwa anacheka, na sijamwona akicheka tangu tumzike Mama. Nikasema asante. Nikapiga magoti, tukasawazisha udongo pamoja, akawa ananisimulia habari za Mama ambazo hakuwahi kuzitamka.

Wakati wa kuondoka aliniambia kwamba sasa atakuwa anakuja kila mara.

Mvua zitanyesha, makaburi ya wenzetu yatajaa kijani. Siku atakaponiuliza mbona hapa hapaoti kitu, nitamjibu nini?