Nani Kakuvunja Taya?

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku wazima kwa jumla. Wanao wanasoma, wifi yako hajambo, na Baba anakula vizuri na analala vizuri. Asiyekula vizuri ni mimi, na hilo unalijua, maana haipiti siku hujampigia wifi yako simu ukamhoji habari zangu kama hakimu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kuongea siwezi, na ujumbe wa simu umenishinda. Kila nikikutumia sentensi moja, wewe unarudisha maswali matano kabla sijaanza ya pili. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Basi kaa chini, nyoosha hilo goti, usome mpaka mwisho, na tafadhali usimpigie mtu simu kabla hujafika huko.

Hali yangu ni hii. Taya la chini limevunjika sehemu mbili, kushoto chini ya sikio na kulia karibu na kidevu. Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, mama mmoja mpole mwenye vidole vyembamba, aliuunga mfupa kwa vibati vya chuma na skrubu ndogo kama za miwani. Gego la mwisho lililokuwa limekaa kwenye ufa alilitoa. Kisha akayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya ili mfupa utulie. Nimefungwa kama mlango wa stoo. Chakula changu chote ni cha kunywa, na kinapita kwenye pengo lililoachwa na jino la pembeni nililong'olewa zamani. Ndiyo mara ya kwanza pengo lile kunifaa.

Kabla ya upasuaji yule daktari alituketisha mimi na wifi yako, akasema tuulize lolote, hakuna swali la kijinga. Tukauliza. Je, nikichomwa dawa ya usingizi nitaamka? Sura itabaki ile ile? Vile vyuma vitatolewa lini? Nyama nitakula lini? Akajibu moja moja bila kuangalia saa. Alisema uso utavimba zaidi kabla haujapungua, tusishtuke. Mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi kwa miezi, kwa kuwa mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya lenyewe. Vyuma vitakaa maisha yangu yote visipoleta matata. Halafu akamkabidhi wifi yako koleo dogo la kukatia waya. Akamwambia asiliweke mbali nami, maana nikitapika huku nimefungwa, matapishi yanaweza kunipalia nikafa, na hapo hakuna kungoja daktari, ni kukata tu. Tangu siku hiyo wifi yako amelivaa shingoni kwa kamba. Analala nalo, anapika nalo, na akinikasirikia analishikashika.

Ningekuwa naugua maswali ya namna ile tu, nisingelalamika. Tatizo ni wageni. Wanakuja, wanavuta kiti, wanauliza, halafu wanasubiri jibu kutoka kwa mtu aliyefungwa mdomo. Nikichukua kalamu nijibu, wanasema pole usijisumbue, na wanauliza jingine. Mama mkwe aliuliza kama vyuma havitashika kutu kwa chai. Wifi yako alimweleza kwamba ni chuma maalumu. Akafikiri, akauliza basi vipi radi, mvua ikinyesha huyu akae ndani? Kinyozi wetu alikuja kunipa moyo. Akasimulia habari za jamaa aliyefungwa waya kama mimi na mpaka leo anapiga mluzi bila kukusudia. Jirani wa ukuta wa pili ndiye aliyenichosha kabisa. Aliniinamia sikioni na kupaza sauti kama naongea lugha nyingine, wakati masikio yangu hayana kasoro. Kilichovunjika ni taya, Dada.

Nyumba ikanishinda, nikajitia kurudi kazini mapema. Daktari alikuwa amenikataza. Mkuu wa shule ya udereva naye alisita, lakini nikamwandikia kwamba kufundisha kuendesha gari ni kazi ya macho. Ni uongo, kama unavyojua. Ni kazi ya kupiga kelele. Mwanafunzi wangu siku hiyo alikuwa mama mmoja mwenye duka la nguo, na breki ya upande wangu ilishakufa siku nyingi. Tulipokaribia kona nikagonga dashibodi kwa kiganja ili apunguze mwendo. Yeye akadhani namtia moyo, akakanyaga mafuta. Tukaingia kwenye ua wa miti ya miiba wa mtu, taratibu, kama wageni walioalikwa. Hakuumia mtu. Mwenye ua alitoka, akatazama gari, akanitazama mimi na shavu langu, na unajua aliuliza nini? Hakuuliza habari za ua wake. Aliuliza nani kanivunja taya.

Hilo ndilo swali, Dada. Hayo mengine yote ni mapambo. Kila anayeingia huku ananipa pole kwa upande mmoja wa mdomo na kwa upande wa pili anauliza nani. Nami tangu siku ya kwanza jibu langu ni moja: nilianguka kutoka kwenye ngazi nikisafisha mfereji wa paa. Nimeliandika mara nyingi mpaka wanangu wanalighani. Wala hakuna aliyeliamini, kwa sababu nilipokuwa hospitali Baba alipita nyumba hadi nyumba akisema mwanawe kapigwa. Watu wakachukua maneno ya Baba, wakayapima na yangu, wakaona mzee mwenye mvi hana sababu ya kusema uongo. Sasa mtu kapigwa, na hataki kumtaja aliyempiga. Watamfikiria nani? Wamemfikiria wifi yako.

Kule dukani wanamwita Bondia. Vijana wakimwona wanakinga nyuso zao kwa ngumi na kucheka. Mama yake mzazi alimvuta pembeni, akamwuliza kwa upole nilimkosea nini mpaka akafika huko, akaongeza kwamba yuko upande wake. Hata daktari. Siku ya kwenda kuangaliwa alimtuma wifi yako akalete faili dirishani, mlango ulipofungwa akanisogezea karatasi na kalamu.

"Nyumbani uko salama?" akauliza.

Nikaandika ndiyo.

"Anayeanguka kutoka kwenye ngazi huja na viganja vimechubuka," akasema. "Vyako vizima. Mimi si polisi, baba. Ila sipendi kuunga taya moja mara mbili."

Nilijisikia vibaya kwa ajili ya wifi yako kuliko nilivyowahi kujisikia kwa ajili yangu.

Halafu ukaja wewe. Juzi ulimpigia, ukamwambia aseme ukweli tu yaishe. Ukasema Baba hajawahi kusema uongo maisha yake, tena Baba ana akili timamu kutushinda sote.  Wifi yako aliweka simu mezani, akaenda uani kuanika nguo ambazo alikuwa ameshazianika. Aliporudi alisimama mbele yangu na lile koleo lake shingoni.

"Jina la Bondia nimelibeba kwa ajili ya mzee, na nimelibeba kwa kupenda," akasema. "Lakini dada yako hatanitwisha jina hilo yeye. Mwandikie, la sivyo nitamwambia mimi."

Kwa hiyo naandika. Dada, ni Baba. Baba ndiye aliyenivunja taya.

Usiitupe barua. Sikiliza kwanza. Nilikwenda kwake mchana kumtengenezea bomba la jikoni. Alinifungulia mlango mwenyewe, tukasalimiana, tukataniana kidogo, akasema anakwenda kujinyoosha kitandani. Nikaingia chini ya sinki kufungua nati. Nilipotoka na kusimama, nilimkuta yuko mlangoni ameshika kipande cha mbao, zile mbao ngumu alizobakiza za kutengenezea vitanda. Alinitazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua uliyemkuta ndani mwako. Nikasema, Baba, ni mimi. Akasema, "Nyumba hii ina mwenyewe." Kisha akapiga. Mikono ile imepiga randa tangu ujana wake, Dada, haijazeeka sawa na kichwa.

Nilianguka. Mbao ikamtoka mikononi. Alipiga magoti, akaninyanyua kichwa, akaniita kwa lile jina la utotoni ambalo wewe na marehemu mama tu mlikuwa mkiniita, akauliza nani kanifanya hivi. Alikuwa analia. Halafu akaiokota mbao ile ile, akatoka mbio peku mpaka barabarani kumtafuta mtu huyo. Majirani walimkuta huko, anasimamisha wapita njia na kuwakagua. Kwa hiyo hasemi uongo. Anasema alichokiona: aliona mwanawe yuko sakafuni na damu mdomoni. Kilichotangulia hakimo kichwani mwake.

Nilipokuandikia wakati ule kwamba Baba anasahau, ulinijibu kuwa namzeesha kabla ya wakati wake. Ulisema ukiongea naye kwenye simu yuko sawa. Ni kweli, kwenye simu yuko sawa kuliko mimi. Anakusalimu, anakuombea heri, anauliza habari za watoto mmoja mmoja. Sikukwambia kinachofuata akishaweka simu chini, kwa sababu niliona kitakuumiza. Hugeuka, akaniuliza kwa adabu yule mama aliyepiga simu ni nani, mbona ana roho nzuri.

Nilikasirika, Dada, na bado nimekasirika, na sina wa kumkasirikia. Sikutaka watu wajue. Fundi aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa huu, leo waanze kuwaambia watoto wao wasipite kwake? Nikaona bora ngazi. Sikujua ngazi itamwangukia mke wangu.

Hatimaye daktari nilimwandikia ukweli wote. Aliusoma mara mbili. Ametuelekeza kwa mwenzake anayeshughulikia wazee waliopotewa na kumbukumbu, na amesema Baba asikae tena peke yake hata kidogo. Yuko kwetu tangu nilipotoka hospitali. Mbao na patasi nimezifungia kwa jirani, nikamwambia patasi zimekwenda kunolewa. Anashinda kando yangu. Supu yangu anaichuja yeye mwenyewe kwa kitambaa, ananifuta kidevu ninapochuruzika bila kujua kwa sababu ya ile ganzi, na hamruhusu mtu mwingine. Nikilala hukaa mlangoni kunilinda. Tena kila siku, akishaniwekea mto vizuri, huniinamia na kusema, "Mwanangu, nani kakuvunja taya? Nitajie jina tu, mengine niachie mimi." Ananisubiri. Mimi namwonyesha waya, kwamba siwezi kusema, naye anatikisa kichwa na kusema haya, tutangoja.

Wiki ijayo daktari anakata waya. Wageni wote wananipongeza, wananiuliza neno la kwanza litakuwa lipi. Sitaki kusikia. Baba ataniuliza tena, na safari hii nitakuwa na mdomo wa kujibia. Wifi yako anasema nimwambie ngazi. Lakini Baba hasadiki ngazi, ataondoka kwenda kumtafuta mtu. Nikimwambia ukweli, atalia kama alivyolia siku ile, kisha atasahau, halafu kesho yake atauliza tena nami nimlize upya. Nilimwuliza daktari. Yule aliyekuwa na jibu la kila kitu, la vyuma na la ganzi na la nyama, alisema hilo hajawahi kuulizwa.

Basi njoo, Dada. Sikuombi ushauri wa simu. Njoo kabla waya hazijakatwa, ukae naye, usimgombeze na usimpime akili. Akikuuliza wewe ni binti wa nani, mwambie wa kwake, umfuate kwa upole, atakuja mwenyewe. Naye akiuliza hilo swali, tuwe wawili wa kuulizwa.

Ukifika, kabla ya kuniona mimi, nenda jikoni kwa wifi yako. Anakudai neno moja, nawe unalijua.

Wanao wanamwamkia shangazi yao. Mama mkwe anakusalimu, na anauliza kama kwenu mvua zina radi. Baba anasema anampenda sana binti yake wa kwanza na angependa siku moja amwone; nilimwambia naandika kwako, ndipo akasema hivyo.

Shemeji na watoto wape mkono wangu. Safiri salama.

Mdogo wako anayekungoja,
mwalimu wa udereva, bubu kwa sasa