Nyuzi Alizochovya Mama

Kijijini, 4 Mei

Mwanangu Densiana,
Hujambo huko mjini Kupang? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike baba yako. Asubuhi bado namimina kahawa vikombe viwili.

Nataka kufuma nguo ya kuvaa kwenye misa yake ya mwaka, lakini naona kama natazama kupitia moshi. Mhudumu wa afya anasema ni mtoto wa jicho, nipasuliwe. Wewe unayefua mashuka hospitali ya macho, hebu niambie: kweli wanalitoa jicho, wanaliosha, wanalirudisha? Jirani yetu, Dua Katrina, ameapa ndivyo. Wakilirudisha kinyume je?

Mamako

Kupang, 19 Mei

Mama yangu mpenzi,
Salamu nyingi. Mimi sijambo, mikono tu inachubuka kwa sabuni. Daktari alipolisikia swali lako alicheka mpaka akavua miwani. Jicho halitoki, mama! Ndani yake mna lenzi, safi kama kioo. Uzee umeitia ukungu. Wanakutia ganzi, wanachana padogo, wanaivunjavunja na kuifyonza, kisha wanaweka ya plastiki. Nusu saa haifiki. Mwambie Dua Katrina aache kuapa.

Mwanao

Kijijini, 2 Juni

Densi,
U mzima? Hiyo ya plastiki, nikifa nazikwa nayo? Na nikilia haitatoka? Maana bado nalia. Nijibu, ndipo nije.

Mamako

Kupang, 11 Juni

Mama,
Utazikwa nayo. Haitoki kwa machozi. Njoo.

Mwanao

Kijijini, 23 Julai

Mwanangu,
Nimefika nyumbani salama, jicho walilolipasua halijambo. Dua Katrina ana mikunjo mingi usoni kuliko mimi; nimeshamwambia.

Nilifungua kikapu cha nyuzi zilizobaki za nguo tuliyomzikia baba yako. Nilizitoa kwenye nili upesi, kabla rangi haijakolea hadi weusi, maana kwa macho yale ya moshi niliziona nyeusi tii, kama inavyompasa mwanamume kuzikwa. Densi, ni za buluu!

Nikamwendea Dua Katrina. “Mliona?”

“Tuliona sote.”

“Mkanyamaza?”

“Chungu cha nili cha mwenzio ni mwiko kukisemea. Tena wewe! Ungetumwagia kichwani.”

Kweli ningewamwagia.

Nililia. Kisha nikakaa na nyuzi zile mlangoni hadi adhuhuri, nikizigeuza juani. Miaka arobaini nachovya, sikuwahi kuzitoa mapema hivyo. Sikujua nili ina rangi hii njiani kuelekea weusi. Sizichovyi tena. Nguo ya misa naifuma kwa hizihizi, tufanane na baba yako.

Mamako