Nani Ataninyoa

Sirisia, 12 Agosti 2007

Kwa Chepkemei, bibi ya mtoto wangu,

Bwana asifiwe. Uko aje huko Kachibora? Na dada yako Chesang na watoto wake? Sisi tuko tu. Mguu inauma ile ya siku zote, kuku mweupe alibebwa na mwewe, mahindi imekauka na hakuna wa kuvuna. Anayeandika ni Phelista wa hapa jirani, yule anafundisha nasari. Ananiambia niongee pole pole. Sasa nitaongea pole pole aje na maneno ni mingi?

Tulizika bwana yako Wabwile vizuri. Ulikuwa umetoroka, kwa hivyo nakuambia. Watu walijaa, chai ilikuwa na maziwa. Sijalia. Watu wananiangalia wakingoja nilie, na mimi naangalia tu vile midomo yao inaenda.

Siku ya tatu wakaleta wembe. Unajua yetu, waliofiwa wananyolewa pamoja ndio matanga iishe. Nikauliza, bibi yake ako wapi? Makokha, shemeji yangu, akasema, "Yule mtu wa mlima? Si watu wake ndio walimuua?" Nikamwambia, hao walikuwa msituni na bunduki. Yeye alikuwa jikoni yangu akisonga ugali, nilimuona na hii macho. Ati damu ni moja! Nikamwambia, Makokha, wewe ni mzee wa kanisa. Ndugu za Yusufu walimuuza, lakini Benyamini alikuwa nyumbani na baba yake. Utamfunga Benyamini? Akaomba chai.

Wakanyoa wengine. Mimi nimekataa. Nakungoja wewe.

Phelista amekunja uso, lakini ameandika.

Mama yako,
Nangila


Kachibora, 23 Septemba 2007

Kwa Mama,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Natumaini mguu imepata nafuu. Sisi tuko hai.

Mama, usiningoje. Nilishanyolewa. Chesang alininyoa wiki ile nilifika, nyuma ya choo, watu wasione. Hapa naitwa bibi ya Mbukusu. Wanasema nilikuwa napeleka maneno ya mlima kwa watu wenu. Hao vijana wa msitu walichukua hata kaka yetu Kipkirui na hajarudi, lakini hiyo hakuna mtu anataka kusikia.

Mimi pia silii. Nachota maji, napika, nalala.

Mtoto wako,
Chepkemei


Sirisia, 7 Oktoba 2007

Kwa Chepkemei, mtoto wangu,

Bwana asifiwe tena. Mguu ni ile ile. Ng'ombe ya jirani Jotham imezaa ndume, anazunguka akiringa kama ni yeye alizaa.

Phelista amenisomea barua yako mara mbili. Sikusikia kitu ndani yangu. Nilikuwa nachambua maharagwe, nikaendelea kuchambua. Sasa nyuma ya choo, jameni. Mtu amefiwa na bwana ananyolewa kama mwizi.

Basi kama wewe umenyolewa, njoo uninyoe mimi. Kichwa yangu imekuwa kiota. Wamama wa kanisa wananiuliza, "Nangila, unafuga nini huko juu?" Nawaambia nafuga mayai. Wanataka kuninyoa wao. Sitaki. Wabwile alikuwa na mama na bibi. Wembe itashikwa na bibi.

Njoo siku yoyote. Siendi mahali.

Mama yako,
Nangila


Kachibora, 4 Novemba 2007

Kwa Mama,

Salamu nyingi. Watoto wanakusalimia. Hapa mvua inanyesha.

Nilikuja, Mama. Jumamosi ile ya soko, na wembe mpya kwa mfuko. Nilifika hapo kwenu kwa kisiagi, pale mnasaga mahindi, nikakuta Baba Makokha amekaa na vijana. Hakunigombeza. Alisema, "Mungu akubariki, mama, lakini hapa usifike." Akanilipia gari ya kurudi Kitale, akangoja mpaka nipande.

Nilijua hajakuambia. Sitajaribu tena.

Mtoto wako,
Chepkemei


Sirisia, 11 Novemba 2007

Kwa Chepkemei, mtoto wangu,

Bwana asifiwe. Leo sitakuambia ya mguu.

Nilimuuliza Makokha leo, watu wakitoka kanisani. Tulikuwa tumeimba ati mbinguni tutakaa meza moja. Nikamuuliza, "Na huko mbinguni nani atakaa kwa mlango? Ni wewe?" Wamama wakacheka, mwingine akaziba mdomo na leso. Akasema analinda boma. Nikamwambia boma umelinda, umefukuza mjane, sasa mimi nitamfuata aninyoe huko. Akasema nikirudi na kichwa imenyolewa na mkono ya adui, nisikanyage kwake tena. Nikamwambia sawa, hata kiti zako ni ngumu.

Nakuja Jumanne. Barua hii naibeba mwenyewe. Nikipotea Kitale nitaonyesha mtu jina yako hapa juu. Na watu wa huko wakinikataza kuingia kwa sababu mimi ni wa huku, sitapigana nao. Nitakaa chini kando ya barabara, utaninyolea hapo.

Mama yako,
Nangila

Chepkemei, hii ni mimi Phelista naongeza. Mama hajui. Hajalia mpaka leo na hali chakula vizuri, mpe uji. Kaka yangu aliuawa siku moja na Wabwile, na watu wenu bado siwezi kuwaangalia. Sijui nitakusalimia aje. Lakini usimwache arudi peke yake. Mlete mpaka nyumbani. Nitakuwa hapo kwa kisiagi, na nitafika kabla ya Makokha, asiwarudishe.