Anteni yangu na kasanduku ya Papa Déo

Siku ya Mungu, tarehe 14, mwezi wa tatu, 2010. Anderlecht, Bruxelles. Mvua ya hapa, ile haijui kama inanyesha ao inaacha.

Mimi niko na miaka septante-six, sabini na sita. Nimeishi kuliko ma-président. Nimeishi kuliko feza ya makuta. Nilikuwa nayo gunia nzima, ikakuwa karatasi ya kuwashia moto. Nimeishi kuliko camion tatu nilizoendesha kwenye mlima ya Ngomo, ile barabara ya Bukavu na Uvira, mahali wenzangu walianguka na mimi sikuanguka. Docteur moja aliniambia sitamaliza mwaka. Yeye njo alikufa, mimi nikaenda kwenye matanga, nikakula.

Na toka mwanzo wa mwezi huu, nimeishi kuliko anteni.

Hii ya mwisho haikunifurahisha.

Furaha, mutoto wangu wa kwanza, njo alinifungulia hii page ya internet mbele arudi kwake Irlande. Alisema, papa andika, sisi tutasoma. Bon, ninaandika na kidole moja. Nilisoma mpaka troisième primaire, darasa ya tatu tu. Lakini wale waliosoma mpaka université, muwaulize nani alikuwa na televizyo wa kwanza katika quartier yetu kule Bukavu. Ni mimi. Watu walijaa salon yangu, wengine wakasimama inje kwenye dirisha, na mimi niko inje pia, kwenye mti wa anteni.

Wenye hawakuishi wakati ule hawawezi kuelewa. Anteni ilikuwa inafungwa juu ya mwanzi mrefu. Mwanaume anasimama chini anazungusha mwanzi. Muke anakaa kwenye salon mbele ya picha, anapiga kelele: «Bado! Bado! Kidogo kuume! Umepita, rudisha! Hapo! Usiguse!» Kazi ni ya watu wawili. Mwenye kuzungusha haoni, mwenye kuona hazungushi. Mechi ngapi nilizisikia tu kwa kinywa ya muke wangu. Sikujali. Picha ikitoka, watu wote wanasema, Papa Furaha anajua anteni. Na ilikuwa kweli.

Tukafika Bruxelles, nikaendelea vile vile. Watu wa hapa wote wanalipa distribution, ile kamba inayoleta televizyo mpaka kwa ukuta. Mimi nilikataa. Hewa ni ya Mungu, kwa nini nilipe picha inayopita katika hewa? Nikafunga anteni yangu kwenye balcon, gorofa ya saba, nikaielekeza kwenye ile kichwa kijani ya Basilique, kanisa kubwa ya kule Koekelberg, na picha ikatoka. Kila siku ya Mungu, kisha kanisa, watu wanapanda kwangu. Maman Espérance wa chini, Papa Déo wa mlango ya pili, na wengine. Tunaangalia course ya kinga, mashindano ya baisikeli.

Ndiyo, kinga. Muke wangu, Maman Furaha, anapenda course ya kinga kuliko mahubiri. Baba yake alikuwa anabeba ndizi na kinga toka Kabare mpaka soko ya Kadutu, basi yeye akiona wale wazungu wanapanda mulima na mawe, anaumia nao. Hajui jina ya hata mumoja. Anachagua rangi. «Yule wa rouge, muangalie miguu, yule hakukula vizuri.» Na upepo ukipiga anteni, mimi ninatoka kwenye balcon, yeye anaanza kelele yake. Gauche, kushoto. Droite, kuume. Hapo.

Ni maisha yetu. Sikujua kama muntu anaweza kuyazima toka bureau.

Walitangaza miezi mingi. Anteni ya zamani inakufa, sasa ni numérique, ya dijitali, mununue dékodeur, kasanduku kadogo, mukaweke kati ya anteni na televizyo, kisha picha ni bure. Nikacheka. Mbele ya hapo Waflamands, wale Wabelgiji wa luga ingine, walizima ya kwao, nikasema haizuru, maneno yao sikuwa nayasikia. Kumbe moto ukiwa kwa jirani, ungekuwa umeweka maji tayari. Mimi sikuweka. Nilisema, hawa wanataka kuuzisha vitu tu. Muntu aliyeshusha camion kwenye Ngomo bila breki, utamutisha na kasanduku?

Siku yenyewe ikafika. Televizyo ikakuwa neige tupu, theluji ya televizyo, ile nyeupe inayocheza na kelele ya mvua.

Nikasema, ni upepo.

Nikatoka kwenye balcon na koti. Nikazungusha. Maman Furaha akapiga kelele, bado. Nikazungusha tena. Bado. Nikapanda juu ya kiti. Bado. Nikajisemea, anaelewa kama hii ni kazi ya uvumilivu. Nikazungusha mpaka vidole vikakufa na baridi. Kisha nikasikia kama kelele imekatika. Nikauliza, sasa je? Nikauliza tena. Nikaingia ndani.

Kiti yake ilikuwa tupu. Neige ilikuwa inacheza yenyewe.

Alikuwa kwa Papa Déo.

Sasa niseme juu ya Papa Déo, na nitasema ukweli bila chuki. Ni mujane. Ni muntu wa Goma. Anajipaka parfum hata siku ya kazi. Viatu vyake vinangaa kama vya muntu anayengoja photo. Anakaanga karanga yeye mwenyewe, na chumvi kidogo, na anazipanga kwenye sahani kama mwanamuke. Anteni hajui. Miaka yote alikuwa anakaa kwangu, anakunywa chai yangu, anasema, Papa Furaha, bila wewe tungekuwa vipofu. Na kumbe alikuwa amenunua dékodeur kimya, kabla ya kila muntu, akakaweka chini ya televizyo yake.

Ile siku, wote wakahamia kwake. Siku ya Mungu iliyofuata pia. Kiti changu kikubwa, sahani zangu, mlango wangu nimeuacha wazi kidogo, muntu hakuingia. Na ukuta wa hii nyumba ni kama karatasi. Ninasikia kila kitu. Ninasikia course. Ninasikia Maman Furaha anacheka.

Miaka cinquante, hamsini nzima, niko naye. Ninajua kicheko yake ya adabu na ile ya kweli. Ilikuwa ile ya kweli.

Anarudi magaribi, ana harufu ya karanga. Simuulizi. Ananipa chakula, ninakula, ninasema chumvi ni mingi. Chumvi haikuwa mingi.

Wivu wa kijana ni moto, unawaka, unazima. Wivu wa muzee ni makaa chini ya majivu. Unalala juu yake na unaamka umeungua. Nilikuwa ninapima mambo ya bure. Kwa nini amevaa kitambaa mupya kwenda kuangalia kinga? Kwa nini Papa Déo anamuita «maman» pole pole vile? Kwa lift nilikutana na Maman Espérance, akaniangalia na ile jicho yake, akasema: «Papa Furaha, kwako neige haijaacha kuanguka? Inje baridi imekwisha, ni printemps.»

Nikamuambia goti linaniuma. Sijui ilihusu nini.

Furaha alipiga telefone juzi. Anasema kule Irlande bado wanaangalia na anteni ya zamani. Nikamuambia, mungoje, zamu yenu iko njiani. Watawaambia ni bure. Ndiyo, ni bure, lakini kitu ya bure iliniondolea muke kwenye salon.

Bon. Jana nikaenda kununua dékodeur. Sikumuambia muntu. Nilikaficha chini ya koti kama muntu aliyeiba kuku.

Leo, kisha kanisa, Maman Furaha alipoenda kwa Papa Déo, nikafunga mlango, nikaanza. Kamba ya anteni ndani ya kasanduku, kamba ya kasanduku ndani ya televizyo. Hiyo hata mutoto anajua. Nikawasha. Picha haikutoka. Hata neige haikutoka. Ilitoka giza, na ndani ya giza mistari mbili tu ya kupima picha, mumoja wa nguvu, mumoja wa usafi, yote imelala chini kama muntu mugonjwa.

Nikatoka kwenye balcon, nikazungusha anteni. Nikaingia kuangalia mustari. Umelala. Nikatoka. Nikaingia. Mara moja ukapanda, nikafurahi, nikaachilia anteni nije kuona vizuri, anteni ikarudi mahali yake ya zamani, mustari ukaanguka. Televizyo yangu ni ile ya tumbo kubwa, inangalia ukuta wa ndani, haigeuki bila wanaume wawili. Nilijaribu kuizungumuzia. Niliitukana pia.

Neige ilikuwa na huruma. Ukikaribia, unaona kivuli ya muntu, unajua uko njiani. Hii mupya haikupatii kivuli. Ni yote ao ni giza.

Nikakaa kwenye kiti cha Maman Furaha. Nilikuwa na anteni, nilikuwa na kasanduku, nilikuwa na hewa ya Mungu. Kitu kimoja hakikuwa hapo, na nilikuwa ninakisikia kinacheka nyuma ya ukuta.

Sijawahi kuomba. Kwenye Ngomo, camion ikikwama, mimi sikuomba, nilingoja wengine waone haya wasukume. Nilikaa hapo muda murefu, ninangoja ukuta uone haya.

Kisha nikaenda kugonga.

Papa Déo akafungua, na pantoufle ya velours, kiatu laini ya nyumbani, kwenye miguu, muniambie kama huyo ni mwanaume. Akasema: «Papa, karibu, tumekuwekea nafasi.» Tumekuwekea! Nikaangalia ndani. Maman Espérance na wengine kwenye benchi. Maman Furaha kwenye fauteuil, kiti kubwa ya Papa Déo mwenyewe. Na alikuwa ametoa viatu.

Viatu njo vilinichoma. Muntu anatoa viatu mahali anakaa muzuri.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kali. Nilitaka kusema, wewe, nyumba yako haiko hapa. Yote ikapotea. Nikasikia sauti yangu inasema, mbele ya watu wote:

«Maman Furaha, kuya nyumbani unipigie kelele.»

Course peke yake njo ilisema. Kisha Maman Espérance akaanza kucheka, akaweka kitambaa kwa kinywa. Maman Furaha hakucheka. Aliniangalia sana, kisha akatafuta viatu vyake na mguu, kimoja, kingine, bila haraka, mimi nimesimama pale kama muntu aliyekuja kuposa.

Kwenye couloir, inje ya mlango, akasimama. Akasema: «Ile siku nilikuambia imekwisha, papa. Nilikuambia mara mingi. Wewe uko tu unazungusha, hunisikii. Muntu anapiga kelele kwa mwenye anasikia.»

Siku moja nitajibu.

Nikatoka kwenye balcon, nikashika anteni. Yeye akakaa mahali pake. Nikasikia: «Imelala.» Nikazungusha. «Imelala. Gauche. Gauche, nimesema, hiyo ni droite.» Tukaacha Basilique, tukapita nyumba zote, tukaelekea upande wa mtaa wa Forest, mahali sijawahi kuelekeza kitu. «Inapanda. Quarante. Cinquante. Pole pole, papa. Septante. Umepita! Rudisha. Hapo. Hapo! Usiguse!»

Na kweli, kwa glasi ya dirisha nikaona uso wake umepata rangi.

Nikafunga anteni na kamba. Nikabaki nimeishika bado, hata kama haikuomba tena mikono. Mvua ilikuwa inaingia kwa shingo. Yeye akaita: «Uko unafanya nini huko? Imeshika. Haiendi mahali. Ingia, yule wa bleu anakimbia peke yake.»

Nikaingia, nikakaa. Miaka yote hii, ilikuwa mara ya kwanza kuona course nzima bila kutoka. Sikujua nifanye nini na mikono.

Kisha mlango ukagongwa. Papa Déo, na sahani ya karanga, na Maman Espérance nyuma yake, na wengine. Papa Déo akaangalia televizyo yangu, akasema mbele ya watu: «Papa Furaha, picha yako ni safi kuliko yangu.» Picha ya numérique ni moja kila mahali, sisi wote tunajua. Alisema tu kwa kunipa heshima. Na hiyo pia ikanichoma, kuona kama anajua kuwa muzuri, kwa pantoufle. Nikamuambia akae. Akakaa kwenye kiti changu kikubwa. Karanga zilikuwa tamu. Siandiki tena juu ya hiyo.

Sasa wamerudi kwao. Maman Furaha anasali. Mimi ninaangalia kasanduku, na taa yake ndogo ya kijani, na sasa ninakaonea wivu hako, si Papa Déo tena. Upepo unapiga tangu mchana na picha haikutikisika hata mara moja. Hakana haja na muntu inje. Hakana haja na muntu ndani.

Donc nimeamua. Siku ya Mungu inayokuya, kabla course ianze, nitafungua kidogo ile kamba inayoshika anteni kwenye balcon. Kidogo tu.

Mwenye haamini yote niliyoandika, amuulize Maman Espérance, aliyecheka. Amuulize Papa Déo, aliyenifungulia mlango. Ni muntu wa pantoufle lakini hasemi uongo. Amuulize hata Maman Furaha mwenyewe. Ila wewe, Furaha, unayesoma kule Irlande, juu ya ile kamba, mama yako usimuambie.