Mashapo ya Mama

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linaanza kulalamika kabla sijainuka. Kifua chako kimeachia? Kwenye mazishi ya Mama hatukukuona, na mwaka sasa umepita, kwa hiyo hilo nimeliweka kando. Nimesema nimeliweka kando, sijasema nimelisahau.

Nina shida na wewe ndiye fundi. Meneja wa hoteli mpya ameonja pombe yetu ile ya Mama akafumba macho. Anataka chupa sitini kila wiki. Lakini aliinua chupa akaniuliza, "Shangazi, haya matope huku chini ni ya nini?" Wateja wake hawanywi kitu chenye matope. Amenipa miezi miwili niyaondoe. Nikiipata hoteli hii nitaacha kuuza dirishani kwa walevi wanaoniita mpenzi. Wewe unapima bia kiwandani kutwa nzima. Nifanyeje?

Ni mimi, dada yako

20 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kifua hakijambo, pole na goti. Kuhusu mazishi nina maneno mengi, ila karatasi haitoshi.

Hayo si matope, ni chachu iliyomaliza kazi ikalala. Haimdhuru mtu, basi tu haipendezi. Usiwe na haraka ya kujaza chupa. Pombe ikiacha kutoa povu, iache siku kumi zaidi, mahali pa baridi, na mtu asiliguse hilo pipa. Kisha ivute kwa mpira, usiimimine, na ukikaribia chini acha kiasi cha vidole vitatu. Sukari ya kutia chupani usikadirie kwa kiganja kama Mama, pima kijiko kidogo kimoja kila chupa. Chupa zisimame, zisilazwe.

La mwisho ndilo kubwa. Chachu ya Mama ni nyepesi, inaelea, haitulii. Ule mtindo wake wa kubakiza kikombe cha mashapo ili kuanzishia pipa jipya, uache. Mwaga yote, na ya kwenye chupa za zamani pia. Sugua pipa kwa dawa niliyokutumia, tumia hamira ya pakiti iliyo humu ndani. Usibakize hata kijiko, chachu mbili zitachanganyika.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi leo hata goti nimelisahau. Nimefuata barua yako neno kwa neno. Niliposhika kile kikombe mkono ulikuwa mzito, maana kila pipa alilopika Mama tangu hatujazaliwa lilianzishwa na pipa lililotangulia. Nilimwaga nje ya mlango wa jikoni, nikalia kidogo, nikarudi kusugua. Sasa unaweza kusoma gazeti ukiwa umeweka chupa yangu katikati! Meneja aliposhika ya kwanza alicheka kama mtoto. Sitini zimekwenda jana.

Asante. Lile nililoliweka kando, leo nimelitupa.

Dada yako akupendaye

11 Juni

Mdogo wangu,

Naitakia afya yako mema, ingawa leo najilazimisha. Barua ya Aprili hukuijibu, wala ya Mei.

Hoteli imerudisha chupa. Meneja hakunigombeza. Alisema, "Shangazi, ni safi, lakini siyo ile. Kama hii hata dukani ipo." Nimejaribu mapipa matatu, kimea kilekile, maji yaleyale, na ladha ya Mama haimo. Nimerudi dirishani kwa wapenzi wangu, nao wanalalamika.

Kabla sijaondoka Meneja alinifungulia bia mpya ya kiwanda chenu. Ndiyo anayochukua sasa, anasema inafanana na yangu ya zamani. Nilimeza funda moja nikatafuta kiti. Ile harufu ya ndizi mbivu, ule ukali unaochelewa kufika nyuma ya ulimi, hakuna mtu wa kunidanganya mimi. Mama ameingiaje kwenye chupa yenu? Nijibu hilo tu.

Dada yako

29 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne.

Nilipokuja kumwona Mama akiumwa, alinipa chupa mbili za safari. Moja niliinywa. Ya pili nilimpelekea mkuu wangu aonje, kwa kujivunia tu. Wakachukua mashapo yake wakaikuza ile chachu maabarani, nami nikapandishwa cheo. Wiki ya mazishi ndiyo tuliyokuwa tunajaribu pipa la kwanza, na sikuthubutu kuomba ruhusa. Januari mwaka huu mkuu aliniuliza kama kuna mtu mwingine mwenye chachu hiyo. Nikasema hakuna. Wiki chache baadaye ikaja barua yako.

Zile siku kumi na ule mpira vilikuwa ushauri wa kweli, na ungetosha. Kumwaga nilikuandikia ili jibu langu kwa mkuu lisiwe uongo. Nilijiambia utapata hoteli, nami nitabaki na kazi, hakuna atakayeumia. Ningekutumia hata kijiko kimoja, lakini iko kwenye chumba cha kufuli na tunapekuliwa getini. Naona aibu. Nisamehe, dada yangu.

Mdogo wako

14 Septemba

Sikuulizi hali.

Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikakushukuru kwa maandishi. Hilo linaniuma kuliko hoteli.

Nimenunua bia yenu, chupa sita, kwa bei ya wageni. Nilizisimamisha sakafuni penye baridi nikazifungia mlango watu wasizitikise. Zilipotulia nikamimina ya juu, taratibu, moja baada ya nyingine, nikitafuta japo utando mwembamba wa mashapo wa kuanzia upya.

Chini hapana kitu. Zote sita. Mnachuja vizuri sana.