Herufi Ishirini na Tano

Keroka,
3 Machi, 1974.

Kwa ndugu yangu Osman Salat,

Salamu nyingi zikufikie huko Isiolo, wewe na mama yetu Hawo, ambaye chai yake ya tangawizi sijaisahau. Hamjambo nyote? Mzee Salat bado anafanya biashara ya ngozi? Mimi ni mzima, isipokuwa goti lililochoshwa na ngazi. Mama yangu anakusalimu na kuuliza kama umeoa. Nimemwambia sijui. Miaka sita bila barua, na kosa ni langu. Utaona sababu kabla hujafika mwisho wa karatasi hii.

Keroka ni ile ile, malori na vumbi. Duka la Persis, la kwanza tulilolipaka rangi mwaka wa sitini na sita, bado lina maandishi yako. Unakumbuka watu walivyojaa kukutazama ukianza na herufi ya mwisho, kisha unashuka na kusogeza ngazi kushoto, kama mkono wako ulivyozoea kuandika Kiarabu chuoni? Walisema mtoto wa Salat amepotea njia. Lakini jina lilienea ukutani sawasawa, na mimi niliyeanzia mwanzo kila mara nilizibana herufi za mwisho kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Brashi uliikata pembe kwa wembe ifanane na kalamu yako ya mwanzi, na mistari ikatoka minene yenye ncha kali. Uliniambia herufi iliyosimama wima humngoja msomaji, bali iliyoinama humfuata, na kwamba dereva wa lori hasimami kusoma. Nilikucheka. Siku hizi nawaambia wengine maneno hayo hayo.

Nimejifunza pia mahali herufi za kuinama zisipofaa. Cleophas, mzee wa kanisa letu la Kebirigo, alinifukuza nilipotaka kuziweka juu ya mlango. Alisema nyumba ya Mungu haikimbilii popote, tena siku ya Sabato! Na mjane Mong'ina aliukataa msalaba wa mumewe, akisema marehemu hakuwa na haraka hata alipokuwa hai. Huko kote nikaandika wima.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa sabini na moja alikuja mtu wa kiwanda cha uchapaji, kutoka Nakuru. Gari lake lilipita duka la Persis, likarudi nyuma. Akauliza ni nani aliyebuni herufi zile nene za kuinama, maana alitaka zichongwe kwa mbao, zichapishe vichwa vya mabango. Persis akaninyooshea kidole, nami nikaitikia. Nilisema ndiyo, basi. Wiki nzima nikapita ukuta kwa ukuta kutoka Keroka hadi Nyansiongo na karatasi ya kunakili, nikikusanya mkono wako. C niliipata kwa kinyozi, V kwenye duka la vitabu, hata X kwenye neno Box la anwani ya posta. Zikatimia ishirini na tano. Q haikuwepo. Hakuna mtu huku aliyewahi kufungua duka lenye Q.

Nikaichora mwenyewe, mara kumi na moja. Imeinama, ndiyo, lakini kama mlevi aliyeegemea ukuta; zako zimeinama kama mtu anayepanda mlima. Fundi mkuu aliitazama sana, akaniuliza kama siku ile nilikuwa mgonjwa. Nikasema nilikuwa na homa. Leo herufi hizo ziko kwenye mabango ya mechi, ya sinema, ya maonyesho ya ng'ombe, na droo zinamowekwa imeandikwa Angwenyi. Nikiona bango nageuza uso. Huenda nawe umeliona moja huko, ukaujua mkono wako, ukanyamaza.

Na kuna la zamani zaidi. Asubuhi ile mlipohama, baba yako akipiga kelele lori liondoke, wewe ulipekua mizigo yote ukitafuta brashi ile uliyoikata pembe. Nami nikakusaidia kutafuta. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Sikuitaka kwa kazi, Osman. Nilidhani ukiikosa utarudi kuifuata. Nimekungoja, na nimekukumbuka kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Mwezi uliopita niliwaandikia wale wa Nakuru nikasema kweli. Wamejibu kwamba watalibadilisha jina la droo, lakini mwenye herufi ajulikane kwa kuchora Q. Kwa hiyo brashi yako imo ndani ya kifurushi hiki, nimeiosha kwa mafuta ya taa, pamoja na karatasi niliyoipiga mistari miwili. Ukinisamehe, ichore Q, unitumie mimi. Usiponisamehe, ichore vilevile, uitume kwao moja kwa moja. Anwani yao nimeiandika nyuma. Herufi ni zako kwa vyovyote.

Mwamkie mama Hawo kwa niaba yangu, na mzee, na yeyote anayekutunza huko. Huku posta hufunguliwa Jumatatu, nami nitakuwepo. Ngazi bado ni ile ile. Nikiisimamisha ukutani huanza kuiweka upande wa kulia, mahali ulipokuwa ukianzia.

Ni mimi ndugu yako,
Manasseh Angwenyi